Makufuli Niliyoyapaka Mawese

Siku yangu ya kwanza kazini, mkubwa wangu alinituma nikaibe baiskeli.

Ilikuwa Himbi, mtaa wa Goma, katika karakana iliyokuwa uani mwa ofisi ya huduma moja ya afya. Huduma hiyo ilikuwa ikiwapa wauguzi wa vijijini baiskeli za kuzungukia wagonjwa, na karakana ndiyo iliyozitunza. Nilifika nimevaa shati la kanisani, cheti changu cha shule ya ufundi kikiwa ndani ya bahasha. Shefu wa Atelie, ndivyo tulivyomwita mkuu wa karakana, hakuiomba bahasha. Alikuwa mtu mfupi, mwenye penseli nyuma ya sikio, na kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kuona penseli hiyo ikianguka. Aliniuliza jina, nikamwambia Deogratias. Aliniuliza kwetu, nikamwambia upande wa Bukavu. Kisha akanionyesha baiskeli iliyofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, akanipa spana moja, akasema anakwenda kunywa chai na akirudi asiikute.

Sikujua kama ni mzaha. Niliizunguka mara mbili, nikaona kwamba mnyororo umepita kwenye gurudumu la mbele peke yake. Nikalegeza nati mbili, nikaacha gurudumu na mnyororo wake kwenye nguzo, na baiskeli iliyobaki nikaificha nyuma ya jengo. Aliporudi alilitazama lile gurudumu pweke, akatikisa kichwa kama mwalimu aliyepata jibu alilolitegemea. Halafu akaleta baiskeli ya pili, isiyo na mnyororo wala kamba, akaniambia niibe na hiyo.

Niliipanda, ikakataa kwenda. Nilipochuchumaa nyuma yake niliona chuma kilichopindwa kama mwezi mchanga, kimepita katikati ya spoku za gurudumu la nyuma. Kufuli lilikuwa limechomelewa kwenye fremu, ni kiungo cha baiskeli yenyewe kama vile usukani. Nilitafuta nati ya kulegeza, sikuiona. Mwisho niliibeba baiskeli nzima begani, nikadhani nimemshinda.

Aliniambia nitoke nayo hivyo hivyo mpaka kwenye kona ya barabara, kisha nirudi. Nilitoka. Mama aliyekuwa akikaanga maandazi aliniuliza kama kinga yangu inaumwa hata inabebwa mgongoni. Kinga ndilo jina tunaloipa baiskeli hapa kwetu. Kijana aliyekuwa akisukuma chukudu yake, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, imejaa viazi, alisimama kabisa ili anicheke. "Papa," alisema, "kinga njo inabebaka mutu. Weye umegeuza." Mlinzi wa lango la jirani aliinuka kwenye kiti chake, akataka kujua ni ya nani na ninaipeleka wapi. Nilirudi uani nikitokwa na jasho la aibu.

"Umeona?" alisema Shefu wa Atelie. "Kufuli haizuie mwizi. Inamufanya aonekane. Ile ingine, batu batafanya."

Ndipo alipoifungua bahasha yangu.

Nitalieleza kufuli hilo, kwa sababu vijana wa leo wanajua pikipiki, na wengi hawajawahi kuchomelea kitu kidogo kuliko lango. Shefu wa Atelie alikuwa ameona makufuli ya aina hiyo kwenye baiskeli kuukuu zilizoletwa kutoka Ulaya, akayafungua, akayachora kwa ile penseli, kisha akatengeneza ya kwake yaliyo mazito zaidi. Chuma kilichopindwa tulikiita mwezi. Unaposhusha kipini, mwezi unapita kati ya spoku, na gurudumu halizunguki tena. Mahali ufunguo unapoingia tulipaita moyo. Ndani ya moyo mna vibamba vyembamba vya shaba, kila kimoja kimekaa juu ya springi yake ndogo. Ufunguo ukiwa wake, vibamba vyote vinajipanga sawa na mwezi unarudi nyuma kwa sauti ya tak. Ukiwa si wake, hata kibamba kimoja kinatosha kukataa.

Jambo alilolipenda kuliko yote ni hili: baiskeli ikiwa wazi, ufunguo hautoki. Unabaki moyoni wakati wote unapoendesha. Ili uutoe, lazima ufunge kwanza. Kwa hiyo muuguzi hawezi kuondoka na ufunguo mfukoni akiwa amesahau kufunga, na hawezi kuacha kufuli nyumbani kama watu walivyokuwa wakiacha minyororo. Alikuwa amewaona wauguzi wawili wakilia kwa kupoteza baiskeli, na wote wawili walikuwa na mnyororo mzuri kabisa, uliolala chini ya kitanda.

Tulikata chuma asubuhi, tukachomelea mchana, na jioni tukapaka rangi. Nilijifunza kuchomelea bila kuunguza fremu, kwa maana bomba la baiskeli ni jembamba, na ukikawia hata kidogo tundu linafunguka. Baada ya kuchomelea tulimwaga mafuta ya cherehani ndani ya moyo, matone matatu, tukafungua na kufunga mara ishirini. Shefu wa Atelie alisikiliza akiwa amefumba macho. Sauti isipomridhisha, kufuli lilirudi mezani.

Nilipokuwa nimeizoea kazi, nilipewa barabara ya kaskazini. Maana yake ni kwamba kila mara nilipanda lori na baiskeli zangu, nikapita Rumangabo, nikafika Kalengera, na kutoka hapo nikatembelea vituo vya afya vya milimani. Nilikabidhi baiskeli, nikawafundisha wauguzi namna ya kuziba pancha, kukaza breki na kutunza kufuli. Wakati huo nilikuwa chini ya mkubwa wa pili, Shefu wa Sharwa, aliyesimamia vyombo vyote vya safari, kuanzia magari mpaka baiskeli. Alikuwa mwalimu zamani, bado aliandika kwa wino mwekundu, na aliamini kwamba kitu kisichoandikwa hakijatokea.

Yeye ndiye aliyeweka sheria kwamba mtu akivunja kufuli la huduma, anarudisha baiskeli, nayo inapewa kituo kingine. Haikuwa sheria ya ukatili. Wako waliokuwa wakivunja makufuli wenyewe ili waseme wameibiwa.

Sasa nifike kwenye mawese.

Mke wangu, Mama Aline, alikuwa na meza ya mafuta na maharagwe mbele ya nyumba yetu. Wiki niliyofungiwa kufuli kwenye baiskeli yangu mwenyewe, mafuta ya cherehani yalikuwa yamekwisha karakanani. Nilimlalamikia jioni, nikiwa nakula sombe, mboga ya majani ya mihogo. Asubuhi nilikuta amenijazia mawese katika chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, ameiosha na kuifunga vizuri. Nilitia matone matatu, nikafungua na kufunga. Sauti ilikuwa laini kuliko ya mafuta ya cherehani. Nilitumia mawese mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mwaka mzima, na kufuli langu halikunikatalia hata siku moja.

Basi nilifanya kile ambacho fundi yeyote wa kwetu angefanya. Vijijini mafuta ya cherehani hayapatikani, lakini mawese yako katika kila jiko. Niliwaambia wauguzi wote wa barabara ya kaskazini: kila mwanzo wa mwezi, tia matone matatu ya mawese ndani ya moyo. Walifurahi, maana hawakuhitaji kuomba kitu mjini. Sikumwomba mtu ruhusa. Shefu wa Atelie aliiona ile chupa kwenye mfuko wangu wa vifaa zaidi ya mara moja, akanyamaza.

Na makufuli yalifanya kazi yao. Zamani muuguzi alilala na baiskeli yake ndani, gurudumu likigusa kitanda. Baada ya makufuli yetu kuingia, watu walianza kuamini. Nilipopita vituoni niliziona baiskeli zimelala barazani, na wengine walicheka walipokumbuka miaka ya kuruka pedali ndani ya nyumba gizani. Nilijivuna sana. Nilimwandikia Shefu wa Sharwa kwamba hakuna baiskeli hata moja iliyoibwa kaskazini, naye akapiga mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo.

Kisha ikaja barua kutoka kituo kimoja kilicho mlimani juu ya Kalengera. Mkuu wa kituo aliandika kwa masikitiko, lakini kwa kufuata sheria, kwamba muuguzi wake, Mama Vumilia, amevunja kufuli la huduma kwa jiwe, mbele ya watu, na kwamba hajakana.

Nilimjua Mama Vumilia. Nilimkabidhi baiskeli ile mimi mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sweta ya kijani na buti za mpira, na kituo chake kilihudumia vilima vitatu ambavyo gari halifiki. Siku ile ya kukabidhiwa, alishuka nayo barabara ya kituo mara mbili, na ya pili aliachia breki. Bila baiskeli angebaki kituoni, na akina mama wa vilima vile wangezaa kama walivyozaa zamani, pamoja na majirani na bahati.

Shefu wa Sharwa alinipa barua ya kumnyang'anya. Baiskeli ilikuwa imekwisha kuahidiwa kituo kingine. "Reglema ni reglema, Papa Deo," alisema, yaani sheria ni sheria. "Ukianza kuchagua mutu, haiko reglema tena."

Nilifika kituoni mchana. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, imeoshwa mpaka kwenye spoku, matairi yamejazwa upepo. Alikuwa ameiandaa kama mtoto anayepelekwa kwa shangazi. Mwezi wa kufuli ulikuwa umepinda, na kwenye fremu palikuwa na alama nne za jiwe. Mama Vumilia alinikaribisha jikoni, akanipa kiti, akanipa chai. Hakuomba kitu. Aliweka ufunguo mbele yangu, umefungwa ndani ya kitambaa.

Nilikuwa nikitafuta neno la kuanzia ndipo nilipotazama mbabula yake, lile jiko dogo la makaa. Kando ya birika, kwenye ukingo wa moto, funguo mbili zilikuwa zimelazwa kama mihogo inayochomwa. Nilizitambua. Zilikuwa za baiskeli za wauguzi wenzake wawili.

Nilimuuliza ni za nini pale.

"Si njo vile mulitufundisha?" alisema. "Funguo inapata moto kwanza, kisha inaingia."

Nilimwambia hatukuwahi kufundisha hivyo.

Alinitazama kidogo. "Basi ni kufuli yenyewe ilitufundisha. Asubui inakatalaka. Ukiipatia funguo ya moto, inaitika. Sisi tulifikiri ni bufundi ya Himbi."

Ndipo aliponieleza ile asubuhi, kwa maneno machache, akichochea makaa. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, makaa yamelowa, moto haujawaka. Alfajiri mwanamume mmoja alikuja akikimbia kutoka kilima cha pili. Mke wake alikuwa na uchungu tangu jana, ni uzazi wa kwanza, na sasa alikuwa ameacha kulia, jambo lililomtisha mume kuliko kilio. Mama Vumilia alichukua mfuko wake, akatia ufunguo, kufuli likakataa. Aliupulizia ufunguo pumzi. Aliuweka kwapani, akahesabu mpaka mia, akajaribu tena. Yule mwanamume alikuwa amesimama tu, akimtazama mikono. Basi Mama Vumilia akarudi jikoni, akang'oa figa moja la jiko la kuni, jiwe baridi, akapiga mara nne.

Alifika. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Mama yuko, mtoto yuko, wa kike.

Nilimuuliza ingekuwaje kama angekwenda kwa miguu.

"Usiniulize ile," alisema.

Nilitoka nje na bisibisi, nikapiga magoti kando ya baiskeli, nikaufungua moyo wa kufuli. Vibamba vya shaba havikuonekana. Palikuwa na kitu cha rangi ya chungwa, kigumu kama mshumaa, kimechanganyika na vumbi jeusi la barabara zetu. Nilikichokoa kwa ukucha, nikanusa. Ilikuwa harufu ya jikoni kwangu.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Kila mtu wa Goma anajua kwamba mawese yanaganda asubuhi. Kila asubuhi Mama Aline alikuwa akisogeza mtungi wake juani kabla ya kumpimia mteja wa kwanza, na mimi nilimsaidia kuusogeza. Nilijua jambo hilo kama mume wa muuza mafuta. Kama fundi, halikunijia hata mara moja.

Na kwa nini kufuli langu halikuganda? Kwa sababu baiskeli yangu haikulala barazani. Mtaani kwetu wezi walikuwa hodari, na mimi, mtu wa makufuli, nililaza baiskeli yangu jikoni, hatua moja kutoka kwenye mbabula. Nililijaribu kufuli mwaka mzima katika chumba chenye joto, kisha nikawashauri watu ambao nilikuwa nimewafundisha kuliamini, wakalilaza kwenye baridi.

Ningeweza kuosha ule moyo kwa petroli, kunyoosha mwezi, kuchukua baiskeli kama nilivyotumwa, na hakuna mtu angejua. Nakiri kwamba niliwaza hivyo. Lakini chai yangu ilikuwa bado iko ndani, na kikombe chake kilikuwa kimefunikwa kwa kisahani ili kisipoe.

Niliingia nikamwambia ni mimi. Nilimweleza mawese, baridi na vibamba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kwako haijakatalaka hata siku moja?"

Nilimwambia baiskeli yangu inalala jikoni.

Kwanza hakucheka. Halafu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kinga ya bakubwa inalala kwenye moto," alisema, "na ya batu ya mulima inalala inje. Kunywa chai, Papa Deo. Himbi ni mbali."

Niliiacha baiskeli pale ukutani, nikashuka Kalengera kutafuta lori.

Nyumbani niliogopa kumwambia Mama Aline kuliko nilivyomwogopa Shefu wa Sharwa. Ile chupa ilikuwa zawadi. Nilizunguka maneno wakati wote wa chakula, mpaka akaniuliza ni nani amekufa. Nilipomaliza kueleza niliona ameumia. Halafu akasema, "Mafuta yangu ni ya sombe. Haikuomba kuingia mu chuma. Weye njo uliingiza." Akachukua chupa kwenye mfuko wangu, akaijaza mpaka shingoni, akaenda kuiweka nje juu ya ukuta. Asubuhi aliifunga kwa kitambaa kilicholowa maji baridi. "Usiishike na mukono," aliniagiza. "Itayayuka mbele ufike."

Shefu wa Sharwa alikuwa ofisini pamoja na Shefu wa Atelie. Aliuliza baiskeli iko wapi. Nilisema iko kwa mwenyewe. Ripoti juu ya Mama Vumilia ilikuwa mezani, imejaa wino mwekundu. Niliifungua ile chupa, nikaipindua juu ya ripoti. Aliruka, akavuta karatasi kwa mikono miwili, lakini hakuna kilichodondoka. Tulisimama hivyo watu wazima watatu, tukiitazama chupa iliyopinduka isiyomwaga.

Nikasema, "Kitu hiki ndicho kilichokuwa ndani ya kufuli. Nilikiweka mimi. Yule mama alipiga jiwe juu ya kosa langu."

Shefu wa Sharwa aliketi. Alisema kwamba kufuli limevunjwa, na hilo limeandikwa. Hapo Shefu wa Atelie alitoa penseli yake nyuma ya sikio, jambo ambalo nilikuwa sijamwona akilifanya ndani ya ofisi ya mtu mwingine, akaiweka mezani. Alisema kwamba kufuli ni lake, alilichora yeye. Alisema aliiona chupa, akanyamaza kwa kuwa ndiye aliyesahau kuomba mafuta ya cherehani, na mawese ya mke wa Deo yalikuwa yakimsitiri. "Kama ni kurudisha kinga," alisema, "tuanze na yangu, kisha ya Papa Deo. Ya yule mama, ikuwe ya mwisho."

Nje, mtu alikuwa akijaribu kengele ya baiskeli, kri, kri, bila kuchoka. Shefu wa Sharwa alichukua kalamu yake nyekundu na, kwa kuwa hakuweza kufuta kilichoandikwa, akaandika pembeni. Baiskeli ibaki mlimani. Kile kituo kingine kitasubiri. Papa Deo atakwenda kwa kila muuguzi aliyemfundisha mawese, aoshe kila kufuli kwa petroli, atie mafuta ya cherehani, na aombe samahani kwa mdomo wake.

Alipofika mwisho wa mstari aliinua macho. "Na kinga yako," alisema, "kuanzia leo ilale inje."

Kazi hiyo ilinichukua miezi mitatu. Nilikwenda kituo kwa kituo, juu ya baiskeli yangu mwenyewe, kopo la petroli likiwa limefungwa nyuma. Nilifikiri nitaaibika. Kumbe karibu kila mahali nilikuta funguo kando ya birika. Muuguzi mmoja alikuwa akiuweka wake ndani ya ugali wa moto, anakula mpaka anaufikia. Mwingine alisema mume wake ndiye anayelala na ufunguo kiganjani, na tangu hapo wamepatana. Hakuna hata mmoja aliyelalamika kwa barua. Walidhani ugumu ule ni sehemu ya kitu kizuri. Hilo liliniumiza kuliko matusi. Tangu siku hizo, mtu akiniambia kwamba chombo changu hakina tatizo, mimi humuuliza anafanya nini nacho kila asubuhi, hatua kwa hatua, mpaka nifike kwenye lile jambo analolifanya bila kujua kwamba analifanya.

Kwa Mama Vumilia nilifika wa mwisho. Nilimfungia kufuli jipya, lililotengenezwa na Shefu wa Atelie mwenyewe, nikataka kupaka rangi zile alama nne za jiwe. Alinizuia mkono. Alisema watu wa kilima cha pili huzionyesha kwa wageni.

Nilistaafu nikiwa nimekalia kiti kile kile cha Shefu wa Atelie, aliyetangulia mbele ya haki miaka mingi kabla yangu. Hotuba yangu ya kuaga ilikuwa fupi, kwa sababu sikuwa na mengi. Niliwaambia vijana wa karakana kwamba kufuli halijaribiwi mezani, na halijaribiwi kwa fundi. Linajaribiwa pale litakapolala. Walipiga makofi kwa heshima, na mmoja akaniuliza kama ningependa kununua pikipiki sasa. Nilimwambia miguu yangu bado inanisikiliza.

Kwa sababu ya vita, barabara ya kaskazini haikuwapa watu raha miaka hii. Mama Vumilia aliteremka Goma pamoja na wanawe, akiisukuma baiskeli yenye godoro juu, na sasa anaishi mtaa wa jirani na wetu. Ni mzee kama mimi. Haendeshi tena, lakini huisukuma anapokwenda sokoni na huipakia vitu, na kila Jumamosi hupitia kwetu kununua mafuta. Mimi humsikia kabla sijamwona. Kwanza kipini kinashuka, halafu mwezi unapita kati ya spoku, halafu ufunguo unatoka. Nafumba macho kama Shefu wa Atelie, na sauti bado ni nzuri.

Jumamosi iliyopita aliingia jikoni, akamsalimia Mama Aline, akaketi, na bila kutazama akaulaza ufunguo wake kwenye ukingo wa mbabula, kando ya birika.

Nilimwambia, kwa jina la heshima tunalowaita wauguzi, "Mama Munganga, ile kufuli sasa iko na mafuta ya cherehani. Haigandake. Miaka yote hii haina haja ya moto."

"Najua, Papa Deo," alisema.

Mama Aline alisogeza birika kidogo ili lisiudondoshee maji. Tulikunywa chai, tukaongea habari za wajukuu na za bei ya viazi. Alipoinuka kwenda zake, Mama Vumilia aliuokota ufunguo, na kabla ya kutoka aliuweka kwanza kiganjani mwangu, akakunja vidole vyangu juu yake, akangoja. Nami niliushika pale mpaka joto lake likaniingia.